Mbegu Isiyoguswa na Chuma

Mpunga wangu ulianguka karibu wote zikiwa zimebaki siku nne tuvune, na wa kulaumiwa nilikuwa naye tayari: Lukelo, mfugaji anayepitisha ng'ombe kando ya mashamba yetu hapa Namawala. Majirani saba waliopanda mbegu yangu nao walikuta mabua yamekatika vivyo hivyo. Tukadai afukuzwe kijijini, yeye na mifugo yake.

Mwenyekiti wetu, Mama Tekla, aliitisha mkutano shambani kwangu. Alikuja na Violeth, binti mtaalamu wa mbegu kutoka Ifakara mjini.

"Shikamoo, mzee Valentino."

"Marahaba. Nyayo za ng'ombe unazijua, au vitabuni hazimo?"

Violeth aliingia katikati ya shamba, akachukua bua lililokuwa bado limesimama, akalikunja. Likakatika kama tambi kavu. Akavuka hadi shamba la Dionisi, ambaye hajawahi kutaka mbegu yangu, akakunja bua la huko. Lilipinda tu.

"Ng'ombe gani huyo anavunja kwa Valentino, kwa Dionisi anaruka?" Lukelo aliuliza. "Nionyesheni nimnunue. Ana adabu kuliko mwenye shamba."

Watu wakacheka. Nikamwambia afunge mdomo wake unaonuka maziwa.

Violeth akaeleza. Mmea umejengwa kwa seli, na kila seli ina ukuta. Ndani ya ukuta zimo nyuzi za selulosi, kama nondo kwenye zege. Jeni ndizo zinazoamuru nyuzi hizo zitengenezwe.

"Kwenye mpunga huu jeni mojawapo ina kasoro," alisema. "Ukuta upo, nondo ni chache. Upepo wa juzi umetosha kuuangusha."

"Mbegu hii naitunza mwaka wa kumi na tisa. Kasoro ningeiona mimi."

"Unaichaguaje, mzee?"

Nilimweleza kwa raha, maana hapo nilikuwa mwalimu. Kwetu mbegu haiguswi na chuma. Wengine siku hizi wanakata kwa kisu, wavivu wakubwa. Mimi hupita peke yangu kabla ya wavunaji, nikavunja kwa vidole, suke moja moja. Bua linalokatika upesi limekubali, hilo naliweka mbegu. Linalogoma naliacha, likavunwe la kula.

Nilipomaliza, hakuna aliyecheka. Violeth alitazama chini.

"Mwanzoni pengine yalikuwa mabua machache tu," alisema. "Sasa kila mwaka..."

"Nimesikia, binti."

Miaka kumi na tisa nimekula imara na kupanda dhaifu, kisha nikawagawia majirani.

"Hata kama si yeye, aende!" Agnetha alipaza sauti. Shamba lake lilikuwa limelala lote. "Leo upepo, kesho ng'ombe wake!"

Wengi waliitikia. Mama Tekla akanigeukia. "Shauri ni lako, mzee. Unalifuta au tupige kura?"

Ningenyamaza, Lukelo angeondoka jioni ile. Simpendi, na sitampenda. Lakini kura ile ingepigwa juu ya uongo wangu.

"Nalifuta," nikasema. "Ng'ombe hawakuvunja kitu. Aliyewaharibia mpunga ni mimi."

Lukelo hakushukuru. Aliegemea fimbo yake, akanitazama.

"Rudia. Wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia.