Funda Moja la Busaa

Mzee nisiyemjua alisimama mlangoni kwangu Gatwekera asubuhi, kofia mkononi, viatu vimejaa matope.

"Wewe ndiye Nelima, yule wa digrii?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Naitwa Muchiri. Walubengo ni mpangaji wangu huko Kawangware. Usiogope, sijakuja kuulizia kodi. Mjomba wako amekataliwa hospitalini."

Nilikuwa nimehitimu masomo ya afya ya jamii na bado natafuta kazi. Niliamini hospitali ukiielezea vizuri itakusikia. Nikavaa viatu.

"Ameulizwa kama amekunywa, akasema ndiyo," Muchiri alinung'unika njiani. "Mtu mzima. Mimi daktari akiniuliza kuhusu sukari, namwambia hata chai siijui."

Mjomba ni fundi wa kuchomelea mageti. Figo zake zilipokufa, alipewa nafasi kwenye mashine ya kusafisha damu kwa sharti moja: aache pombe kabisa. Mashine zilikuwa chache. Akionja tu, nafasi ingepewa anayengoja. Aliacha chang'aa, na hakuna aliyeamini mpaka walevi wenzake walipoanza kumkwepa.

Kisha Agosti ikafika, na mdogo wangu Khamala akaingia jandoni kwetu Bungoma. Kwetu Wabukusu, mvulana huenda kwa ndugu ya mama yake, avishwe shingoni nyama ya fahali aliyechinjwa kwa ajili yake. Mjomba alisafiri kumpokea. Khamala alipokwisha kuondoka, wazee walizunguka chungu cha busaa, pombe ya nafaka, na kumsogezea mjomba mrija. Walisema mwenye boma asipokunywa, amemnyima mtoto baraka. Akavuta funda moja.

Hospitalini nilimkuta daktari Gathoni, msichana wa rika langu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Lilikuwa funda moja," nilimwambia. "Mwenye kisukari akila keki, huwa mnamfukuza?"

"Sharti sikuliweka mimi."

"Lakini unalifuata. Tafadhali mrudishieni nafasi yake."

Hakubishana. Alinionyesha kwa kidevu, kupitia kioo, mwanamke kijana aliyelala kando ya mashine. Nje ya mlango, bibi mmoja alikuwa akimbembeleza mtoto wa mwanamke huyo.

"Anaitwa Sella. Alikuwa akingoja. Ingia umwambie ashuke."

Nilimtazama Sella. Alidhani mimi ni muuguzi, akanitabasamia. Hoja zangu zote za chuo zilikuwa kinywani, na hakuna hata moja ningeweza kumwambia yeye. Niliondoka bila kuaga. Hospitali za kulipia hatukuziweza, na hospitali nyingine ya umma ilisema tungoje.

Mjomba alikuwa kitandani Kawangware, miguu imevimba hadi magotini.

"Daktari wangu wa makaratasi amefika," alisema. "Umewapiga Kizungu?"

"Khocha, ungesema hapana tu." Khocha ndivyo tunavyomwita mjomba.

"Yule nesi aliyeniuliza alikuwa amenishika mkono, ananitafuta mshipa. Mtu akikushika hivyo utamdanganya vipi?"

Alivuta pumzi kwa shida.

"Khamala asijue ni siku gani nilikunywa. Akijua, atafikiri aliyechinjwa siku ile ni mimi, si fahali. Niahidi."

Nilimwahidi. Ndicho kitu pekee nilichoweza kumpa.

Alizidi kudhoofika. Jumapili alasiri alikuwa amelala, Muchiri akimpepea kwa kofia, simu yangu ilipolia. Ilikuwa sauti ya Khamala, mpya, nzito.

"Siste, ni kweli khocha wamemtoa hospitali juu ya pombe?"

"Umeambiwa na nani?"

"Kila mtu anasema. Si alionywa? Si alitudanganya ameacha?" Sauti ilimkatika. "Na nilimwamini. Nilikuwa nimejitapa kwa wenzangu kwamba khocha wangu amebadilika. Sasa mimi siji. Sitaki kumwona mlevi."

Muchiri alikuwa amesikia. Aliacha kupepea, akanyoosha mkono kuitaka simu. "Nipe," alinong'ona. "Nimwambie huyo mtoto alikunywa kwa ajili ya nani."

Nilihamisha simu sikio la pili. Jibu lilikuwa limefika kooni, na ningelitoa, Khamala angepanda basi jioni hiyo hiyo.

Mjomba alikuwa amefumbua macho. Alinitazama.

"Ndiyo," nilimjibu Khamala. "Alikunywa."

Simu ikakatika. Muchiri alirudisha mkono wake taratibu, akaanza tena kumpepea.