Chura wa Pili

Siku Mama Kidoti alipokuja kunishukuru ndiyo siku niliyotamani kumtoa ofisini kwa ufagio. Nasema wazi, sijifichi. Kazi yangu ni kucheza na watoto wenye wasiwasi, na watu hunicheka: "Wewe unalipwa kwa kukaa mkekani na vikaragosi?" Ndiyo, nalipwa, na mgongo unaniuma.

Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa doa lake la shavuni, ana miaka saba. Tangu wazazi wake watengane, kila asubuhi tumbo lilimkata, na akifika shuleni alikuwa kama ametiwa kufuli mdomoni. Hata kwangu alitazama viatu tu. Basi nikamtoa Chura: soksi ya kijani, macho ya vifungo, mwoga kupindukia. Chura aliogopa mlango, akaogopa kiti, akaogopa hata chafya yake mwenyewe. Kidoti akacheka. Kisha akaanza kumfundisha: "We Chura, vuta pumzi. Sasa puliza, kama unapoza chai. Haya, tena!" Yule mtoto bubu akageuka mwalimu mkali.

Tulikuwa na sharti moja. Mwenye siri anamnong'oneza Chura, na Chura hamwambii mtu, isipokuwa kama kuna anayeumizwa. Siku moja Kidoti akamnong'oneza, nami mkono wangu ukiwa ndani ya soksi nikasikia: "Kwa baba napenda. Lakini nikisema, mama atalia." Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimsokota tumbo! Ilibaki kidogo tu apate ujasiri wa kumwambia mama mwenyewe, siku akiwa tayari.

Mama nikamwelekeza: "Cheza naye nyumbani. Yeye aongoze. Usimhoji." Akaitikia kwa kichwa, ametulia kama maji ya mtungini.

Sasa yuko mbele yangu, uso umekunjuka.

"Dada, Mungu akubariki. Yule chura wako ni kiboko! Nimeshona wa kwangu, soksi ileile, vifungo vilevile. Jana jioni nikamvaa mkononi, nikamwambia mtoto, 'Hebu niambie mimi Chura, kwa baba kukoje?' Akamwaga yote!"

"Ukafanya nini?"

"Nikampigia baba yake palepale. Nikamwambia amenigeuzia mtoto, na asimwone tena."

"Na Kidoti alikuwa wapi?"

"Si hapohapo, ameshika mguu wangu analia. Alie tu. Naye ajue mama yake ana uchungu."

Jamani! Kweli asante ya punda ni mateke. Nilimfundisha mama huyu namna ya kumkaribia mwanawe, yeye akaitumia kumnasa. Hasira ilinipanda hadi masikio yakawaka.

"Mama Kidoti, umemwibia mtoto."

"Nimwibie nini? Kwani si wangu?" Alishangaa kweli. Hata haya hakuona, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mtu akikusaliti na kujua, angalau mnaweza kugombana. Huyu aliniachia tabasamu, akaniuliza kama miadi ya Alhamisi iko palepale.

Alhamisi Kidoti akaja. Nikamweleza ukweli wote, maana mtoto aliyedanganywa mara moja hastahili kudanganywa tena. Yule aliyekuuliza nyumbani si Chura huyu, nikamwambia. Yule alikuwa mama. Huyu hajamwambia mtu kitu, na mimi pia sijasema. Alinisikiliza huku akivuta uzi wa mkeka, hakuniamini wala hakunibishia.

Nikampa nafasi. Akanyoosha mkono, akamchukua Chura, akamvaa mwenyewe. Nikadhani tumerudi tulipokuwa.

Akasogeza mdomo kwenye soksi, lakini hakunong'ona. Alisema kwa sauti ya juu, ya mtoto anayesoma mbele ya darasa:

"Kwa baba sipendi. Baba simpendi. Nampenda mama peke yake."

Akamvua Chura, akamlaza mapajani mwangu vizuri, kisha akaniuliza kwa adabu zake zote:

"Utamwambia mama leo?"