Miguu ya Alhamisi Kuu

"Tulia," alisema Stellamaris, akakibana kisigino cha mumewe juu ya goti lake na kukisugua kwa kipande cha tofali. "Hapa kuna udongo wa mwaka aliozaliwa binti yetu Recho."

Melkiori akatulia. Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi Kuu, na jioni ile, saa kumi na moja, paroko angewaosha miguu watu kumi na wawili mbele ya kanisa zima pale Kibaha. Jumuiya yao ilipiga kura kwa vikaratasi ndani ya kofia, likatoka jina lake. Mchimba vyoo. Kwa miaka thelathini watu walikijua kichwa chake tu, maana kilichobaki huwa shimoni. Leo padri angepiga magoti mbele ya nyayo zake, na yeye alilitaka jambo hilo kuliko alivyothubutu kumwambia mtu.

Bwana Brighton alilitaka pia. Huyu alikuwa ofisa, wa jumuiya hiyo hiyo, na baada ya Pasaka kulikuwa na uchaguzi wa mwenyekiti wa parokia. Alikuja mara mbili kumshauri Melkiori apumzike, amwachie yeye nafasi. Mara ya pili alileta jozi ya viatu. Alisema hajitafutii kitu, ila mpigapicha ameshapatikana, na ingependeza picha iwe na miguu ya kueleweka.

Viatu vilirudi kwa mwenyewe. Melkiori alivaa soksi mbili mbili, akatia mabuti ya mpira juu yake ili usafi usitoke, akapanda pikipiki ya Rama wa bodaboda kwenda Masaki, kule Kisarawe, kuchukua sululu yake tu, isije ikaibiwa sikukuu. Shimo la choo alilokuwa anamchimbia Bi. Mwanamvua lilibakiza futi tatu. Alipanga kulimaliza Jumamosi.

Alimkuta bibi kwenye kigoda, kifundo cha mguu kimefungwa kipande cha kanga.

"Shikamoo bibi. Mguu umefanyaje?"

"Marahaba baba. Choo cha zamani kimetitia na mvua ya juzi. Sasa naenda mikoroshoni, na jana nikateleza." Akageuza uso. "Si kitu. Mikorosho haijanifukuza."

Melkiori akamweleza habari za jioni. Bibi, Mwislamu mtoto wa Waislamu wa pale pale Masaki, alisikiliza vizuri, akauliza kama padri anatumia maji ya moto. Kisha akamwambia aende, ibada haimsubiri mtu.

Akaichukua sululu. Akafika kwenye pikipiki. Akatazama juu: wingu limelala tumbo juu ya mikorosho. Na mchanga wa Masaki alikuwa anaujua, haushiki. Shimo lisilovalishwa matairi ndani, likinyeshewa usiku mmoja, hujizika lenyewe. Sikukuu nzima bibi angechechemea porini kwa mguu mmoja.

"Twende mzee," alisema Rama. "Mjini wanakusubiri na beseni."

"Zima pikipiki."

Hakusali. Alitamka neno moja kuhusu Bwana Brighton, ambalo Alhamisi Kuu si siku ya kuliandika. Akashuka shimoni.

Kabla ya futi ya kwanza kwisha mabuti yalikuwa yamejaa tope. Akayavua. Akavua na soksi, zote nne, akachimba pekupeku kama siku zote, kwa sababu wayo ndio unaomwambia mchimbaji kwamba udongo umebadilika. Rama akawa anamshushia matairi ya magari, moja juu ya jingine, huku akinung'unika kwamba yeye ni dereva. Wakalaza magogo, wakayafunika, wakahamishia pale ua wa makuti. Adhana ya alasiri iliwakuta wanafunga kamba ya mwisho.

Kanisani walifika wimbo uko katikati. Melkiori alikuwa mwekundu hadi magotini. Mzee wa mlangoni alimwangalia chini, akamwangalia juu, akamwonyesha benchi la nyuma kabisa.

Kwenye kiti cha kumi na mbili alikaa Bwana Brighton, suruali imekunjwa. Hakuombwa mara mbili. Tangu mchana alikuwa ameipaka miguu mafuta ya mgando, iwake kwenye picha. Padri alipomimina, maji yalikimbia kama juu ya jani la gimbi. Akakishika kisigino, kikamponyoka kama kambare. Akakikamata kwa mikono miwili. Mguu ukachomoka, ukalipiga beseni, na Baba Paroko akaketi sakafuni ndani ya maji. Kamera ikawaka. Kwaya, iliyokuwa inaimba upendo, ikapoteza sauti ya pili yote.

Stellamaris alicheka hadi akageuka na kumwona mumewe. Akaja nyuma. Akaitazama ile miguu muda mrefu.

"Tofali lote lile," alinong'ona.

Akasogea, akakaa karibu naye, tope likamgusa gauni jeupe.

Simu ikatetemeka mfukoni. Melkiori akatoka nje kwenye ngazi.

"Mvua imeanza huku," alisema Bi. Mwanamvua.

"Magogo yamecheza?"

"Hayajacheza. Nimekaa mle hadi nikasahau nilichoendea."

Bibi hakukata simu, naye hakukata. Mvua ya Masaki ilikuwa inapiga bati la nyumba ya bibi sikioni mwake, na Kibaha halijadondoka hata tone. Udongo ulianza kukauka na kupasuka katikati ya vidole vyake. Akabaki amesimama, akiangalia upande wa Kisarawe, kama mtu anayengoja maji yamfikie.