Dirisha la Stoo ya Mbegu

Hivi mwenyekiti mzima anashindwaje kupanga foleni? Paskalina, mtunza stoo ya mbegu ya kijiji kimoja cha ujamaa juu ya mlima Magamba, alijiuliza hivyo kila Tobia alipoingia mlango wa nyuma kwa ufunguo wake, akachota mbegu mwenyewe, akaondoka bila hata shikamoo. Na Paskalina ni wa umri wa mama yake!

Wengine wote waliomba dirishani. Utaratibu huo ulimfurahisha Dina, binti wa dada yake, aliyeandika programu za kompyuta kwenye ofisi moja Dar es Salaam.

"Mama mdogo, hata kwetu ni hivyo hivyo," alimwambia alipokuja likizo. "Sehemu moja ya programu inatunza vitu. Nyingine zinaomba kwa jina, zinapewa. Hazijui kitu kimewekwa wapi wala kimefungwaje. Zikijua tu zitaanza kujichotea, na siku ukihamisha kitu, kila kitu kinaharibika."

Kompyuta ni mdudu gani, Paskalina hakujua. La kujichotea alilielewa vizuri sana.

Masika yale paa likavuja, akahamisha makopo yote ya mbegu. Dirishani hakuna aliyegundua. Aliyeomba kabichi alipewa kabichi. Tobia akanyoosha mkono palepale alipozoea, akachota, akapanda shamba la mfano.

Kisha, alipoulizwa mkutanoni kwa nini hapangi foleni, akawaka. "Dirisha ni kasumba ya kibepari! Umma unafichwa mali yake!" Akaapa kwamba siku mgeni wa wilaya atakapokuja kuona kabichi zake, atampokonya Paskalina ufunguo hadharani. Paskalina aliumia, jamani. Ufunguo ule ndio kitu pekee ambacho kijiji kiliwahi kumkabidhi mwanamke.

Kabichi za majirani zikafunga vichwa. Za Mwenyekiti zikarefuka tu, majani wazi. Asubuhi ya ugeni akaona isiwe tabu: akachukua kamba za mgomba, akayafunga majani mche kwa mche. Shamba zima likawa kama watu wanaoumwa meno, waliojifunga vitambaa mashavuni.

Mgeni akainama, akavuta kamba moja. Majani yakafunguka pwaa!

"Ndugu Mwenyekiti, hii si sukuma wiki?"

"Nilipewa mbegu siyo! Zinafanana!"

"Nani alikupa?"

Waliopewa mbegu dirishani walikuwa pale pale, kabichi zao zinaonekana hadi ng'ambo ya bonde, na wote wanamtazama Tobia. Tobia akakiri:

"Nilichukua mwenyewe."

"Mlango gani?"

"Wa nyuma."

Watu wakaangua kicheko. Mgeni akanyoosha kiganja, ufunguo wa Tobia ukatua humo, na hapo hapo akamkabidhi Paskalina.

Wiki iliyofuata, kofia ya Mwenyekiti ikatokea dirishani, nyuma ya foleni ndefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema unachotaka."

"Mbegu ya kabichi." Akarefusha shingo kuchungulia ndani. "Siku hizi umeiweka wapi?"

Paskalina akamwekea pakiti kiganjani.

"Mkononi mwako. Haya, anayefuata!"