Zizi la Mbuzi wa Mahari

Mbuzi wa mahari ya Jenipher waliposhushwa kwenye gari pale Butiama, mama yake, Nyangi, hakupiga kigelegele. Aliwashika mmoja mmoja, akawafunua midomo.

"Huyu ndiyo kwanza ameota meno mawili makubwa, ana mwaka na kidogo. Yule kinywa kimejaa, ni mama mzima. Nimewapokea. Ila zizini mwangu hawaingii."

Mzee Burito, baba mdogo wa bwana harusi, aliyewaleta kutoka Bunda, alikunja uso. "Mkwe, unatukataa?"

"Siwakatai, baba. Mbuzi wageni tunawatenganishaga kwanza. Mwaka ule tulichanganya wa mnadani, tukabaki na kamba tu."

Burito aliondoka bila kuaga. Jenipher alilia jikoni. Nyangi hakumbembeleza, alimpa ndoo, wakawapelekea wageni maji kwenye boma la miiba ng'ambo ya shamba la mihogo. Waliwavisha hereni za njano masikioni, wasije wakachanganywa na wa nyumbani.

Wiki haikuisha, wawili kati ya wageni wakaanza kutoa machozi mazito na makamasi, kisha wakaharisha. Nyangi akampigia Diana, daktari wa mifugo.

"Inafanana na sotoka, ule ugonjwa wa mbuzi na kondoo unaoambukiza upesi," Diana alisema baada ya kuchukua sampuli. "Dawa ya kuiua hakuna. Nitawachoma sindano ya kuzuia homa ya mapafu, mengine ni kuwauguza. Wa nyumbani bado wazima. Kesho naleta chanjo, maana vitoto vya mbuzi wenu havijachanjwa."

Jenipher alimpigia mchumba wake, Edwin. "Mbuzi wanaumwa. Mwambie baba mdogo taratibu, asione tunamsema. Na kwenu mchanje."

Edwin alikuja mwenyewe. Kutwa nzima alishinda bomani na Jenipher, wakifuta macho ya wagonjwa na kuwanywesha maji ya chumvi na sukari. Mmoja alikufa, wakamfukia kwenye shimo refu bila kumchuna. Wa pili, yule mama mzima, alisimama siku moja asubuhi akaanza kutafuna majani ya mkunde. Zizini hakuugua hata mmoja.

Burito alipokuja tena, Nyangi alimwekea beseni la dawa ya kuua vijidudu mlangoni achovye viatu.

"Kwetu tumechanja," Burito alisema, akiinama. "Wamekufa wachache. Bila onyo lenu wangekuwa wengi, mkwe."

"Karibu ndani, baba. Tuongee habari za harusi."