Utani wa Wavuta Pantoni

Wivu hauna dini wala umri. Idarusi alikuwa mtu wa swala tano, mwenye wajukuu, na bado alimwonea Ernesti kijicho kama mke mkubwa anavyomwonea mke mdogo.

Wote wawili walikuwa vibarua wa pantoni la serikali pale Pangani, kazi yao kuvuta kamba kutwa nzima ili watu na malori ya mkonge wavuke mto. Idarusi, Mzigua mzaliwa wa hapo, ndiye aliyekuwa mkongwe kuliko wote. Ernesti alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge, ukamshinda, na Idarusi mwenyewe ndiye aliyempokea pantonini akamfundisha kushika kamba bila kuchunika viganja. Na kwa kuwa Wazigua na Wanyamwezi ni watani, walitukanana tangu siku ya kwanza. Matusi ya utani hayana kesi. Anayekasirika ndiye mwenye kosa.

Mwaka ule migomo ilizagaa, na wavuta pantoni nao wakaziacha kamba. Walidai jambo moja tu: kiinua mgongo. Karani wa serikali alistaafu na pensheni yake. Mvuta kamba akizeeka aliambiwa asante. Mwenzao Kombo alikuwa akiuza kashata sokoni, kiuno kimepinda, na kila aliyemtazama alijiona mwenyewe.

Idarusi hakuwa na shaka kwamba atakayewasemea ni yeye. Alishafua na kanzu. Wenzake wakamchagua Ernesti, eti ana ulimi laini na hawaogopi Wazungu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walimtania Idarusi, naye akacheka nao huku roho inamuuma. Nyumbani ndiko kulikozidi. Semeni mkewe alimpakulia wali akimsimulia jinsi mji mzima unavyomsifu Ernesti, na kila sifa ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alisukuma sahani, akasingizia tumbo.

Hatimaye akaja bwana mkubwa wa Kizungu kutoka Tanga, pamoja na karani wake wa kutafsiri, Methusela, kijana wa milimani Usambara. Ernesti alisema, na kusema kweli alisema vizuri. Mzungu akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamgeukia Idarusi kwa kuwa ni mkongwe, akataka kujua huyu msemaji wao ni mtu wa namna gani.

"Huyu? Mwizi wa kuzaliwa," Idarusi alisema. "Ile kamba mpya iliyopotea, kaitafuteni uvunguni mwake."

Wavutaji wakaangua kicheko, Ernesti akiwa wa kwanza. Mzungu hakucheka, maana kamba mpya ilikuwa imepotea kweli.

Kesho yake Methusela alibisha hodi kwa Idarusi, akamwamkia shikamoo, akakataa kuketi. Alisema yeye anaujua utani, kwao upo, lakini bwana hamsikilizi. Bwana anataka neno la mzee mwenyewe kabla hajatia sahihi barua ya kumfukuza Ernesti.

"Ulikuwa unatania, mzee?"

Kusema ndiyo kulikuwa kazi ndogo. Lakini akilini mwake Idarusi alikwisha kumwona Ernesti akibebwa mabegani, na wake za watu wakimpigia vigelegele.

"Nimeulizwa, nimejibu," alisema.

Methusela akaaga.

Ijumaa jibu likaja. Kila mvutaji atapata kiinua mgongo, isipokuwa Ernesti: huyo amefukuzwa kwa wizi, wala hana chake. Wenzake walinung'unika, wakalaani, kisha wakarudi kwenye kamba. Mtu aliyepata chake hupoa upesi.

Idarusi aliingoja furaha, isije. Alasiri Ernesti akamjia nyumbani, mzigo wake kichwani, anarudi kwenye mkonge. Idarusi alisimama. Alitaka atukanwe, hata apigwe, ili amalizane na jambo hili. Ernesti akatua mzigo, macho mekundu, akacheka.

"Umeniponza, mtani wangu," alisema. "Yule Mzungu hajui mambo yetu. Wenzetu walitaka kukulaumu, nimewakataza. Nimewaambia wewe ndiye uliyenipokea hapa, huwezi kunitakia mabaya. Ila haki yangu ya utani naichukua: jogoo wako nakwenda naye."

Akamkimbiza jogoo uani, akamkamata. Idarusi alifungua kinywa aombe radhi, akakifunga. Kuomba radhi ni kutaja kosa, na kosa lenyewe hakuna aliyelijua ila yeye na karani.

Ndivyo alivyodhani. Semeni, aliyekuwa nyuma ya pazia siku ile Methusela alipouliza, alitoka ameshika kuku wake mwenyewe, yule tetea anayetaga.

"Mchukue na huyu, shemeji," alisema, lakini macho yalikuwa kwa mumewe. "Utani wa huyu bwana haulipiki kwa jogoo mmoja."

Ernesti alishukuru sana. Aliwafunga kuku miguu, akajitwika mzigo wake, akasema tangu atoke kwao hajaona watani wakarimu kama hawa.