Maji ya Kumwosha Mama Miguu

Kisukari kilikuwa kimeitia ganzi miguu ya mama. Nesi wa kliniki aliniusia: "Maji yake uyapime kwa kiwiko chako kwanza. Mguu wake hauwezi tena kukwambia unaungua."

Nilipima kila siku, isipokuwa siku moja. Mimi ni fundi cherehani. Asubuhi hiyo bibi harusi alikuwa chumba cha mbele, gauni limembana makwapani, analia. Nikamimina birika kwenye beseni, nikaongeza maji baridi kwa kukisia, nikamtia mama miguu humo na kurudi mbio kwenye sindano.

"Yakoje, mama?" niliuliza kutoka huko.

"Mazuri tu, mwanangu. Shughulikia watu wako."

Nilipokwenda na taulo, nikatumbukiza mkono. Ukaruka wenyewe kabla sijajua kuna nini. Mama, aliyekuwa akichambua maharage kwa utulivu, akacheka. "Vipi, umeguswa na nyoka?"

Nikainua mguu wake. Ngozi ya vidole ilikuwa imetuna malengelenge.

Kliniki, nesi yuleyule akauliza, "Nani aliandaa maji?" Sijafungua mdomo, mama akadakia, "Mimi mwenyewe. Kichwa changu kigumu." Nesi akamgombeza kama mtoto, nami nimesimama pale na mkoba wake mkononi. Jioni kaka yangu akaja, naye akamgombeza. Mama akawa anaitikia tu, "Nimekoma, baba."

Wiki ya tatu kidole kimoja kilioza, kikakatwa. Tukiwa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, kaka akasema, "Mama amejitakia."

Hapo nikashindwa. "Hakujitakia. Maji niliyaweka mimi, na sikuyapima."

Akanigeukia. "Ukaniacha nimfokee mama yangu wiki tatu nzima?"

Mama alipozinduka, kaka alipiga magoti kando ya kitanda kumwomba radhi. Mama akanigeuzia jicho kali. "Nimekusitiri, nawe unajianika! Nani alikutuma?"

Kidonda kilifunga baada ya miezi mitatu. Kaka akamhamishia mama kwake, nami sikuwa na mdomo wa kukataa. Naenda kila Jumapili. Wifi yangu hunivutia kiti kizuri, hunipa kikombe kisicho na ufa, na nikisimama nimsaidie vyombo huniambia, "Kaa tu, wifi, wewe ni mgeni."